Rauta Nimelipia Mimi, Ufunguo Mbona Mko Nao Nyinyi?

Kwanza niwachoree picha. Kwa nyumba yetu hapa Kachibora, juu ya kabati la vyombo, kuna maboksi matatu. La kwanza ni simu ya kukhu, ile nyeupe ya mezani isiyo na waya, ya enzi za CDMA, na bado imefunikwa kitambaa alichokishona mwenyewe. La pili ni modemu ya WiMAX ya anko wangu, alirudi nayo kutoka Nairobi akidhani ataitumia hapa. La tatu ni rauta yangu. Niliinunua kwa pesa yangu na risiti iko.

Ukiyachomeka kwa stima, yote matatu yanawaka taa. Hakuna hata moja linakupatia intaneti ama kupiga simu. Na hakuna hata moja limeharibika.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena.

Maboksi mawili ya kwanza yaliuawa na vita vya mainjinia. Hiyo naweza kusamehe, na nitawaeleza kwa nini. La tatu liliuawa makusudi, na mtu aliyekaa kwa ofisi yenye zulia akaamua kwamba kitu nilichonunua kisifanye kazi inayoweza kufanya. Ndiyo maana leo mnapata posti ndefu badala ya video. Video inataka mtandao, bana.

Kwa wageni: mimi ni yule kijana wa video za shamba, mahindi, ng'ombe na vituko vya soko. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa kuelewana na mimi, na najua tayari kuna mtu anaandika kwa komenti "wewe uliacha shule, unatuambia nini kuhusu mitambo". Karibu. Wewe mwenye digrii tuambie mbona rauta yako imefungwa, na kama hujui, kaa chini tusome pamoja.

Sasa maneno yenyewe. Hiyo rauta niliitoa Kitale. Kampuni sitaitaja, maana hata nikitaja, jirani yangu atasema yake ni ya kampuni ingine na imemfanyia vile vile. Miezi saba ilienda poa. Halafu mtandao ukaanza kukohoa. Saa mbili usiku, watu wote wakiwa nyumbani, hata kufungua picha ni shida. Wakati huo huo kampuni ingine ilikuwa imeongeza mitambo kwa busta iliyo karibu na soko, na simu zenye laini yao zinakimbia kama boda ya mtu anayedaiwa. Nikafanya kile kila mtu mwenye akili angefanya. Nikatoa laini ya kwanza, nikaweka ile ingine.

Rauta ikaniambia hiyo laini haikubaliki.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada akanijibu kwa upole kabisa, "Mteja wetu, kifaa hicho ni cha mtandao wetu pekee." Nikamuuliza, je, nikilipia kufunguliwa? "Hatuna huduma hiyo kwa sasa." Nikamuuliza tena, dada yangu, hii rauta ni yangu ama ni yenu? Akasema ni yangu. Yaani ni yangu ikifika wakati wa kulipa, na wakati wa kuamua ni yao. Fundi mmoja huko Kitale alisema anaweza kuifungua kwa elfu moja mia tano, "lakini ikilala isiamke, kijana wangu, usinitafute."

Wiki hiyo nilikuwa na kazi ya agrovet, video ya mbegu, iende hewani kabla watu wapande. Elfu nane. Nilikesha nikiipakia, ikafika asilimia sitini na kitu ikarudi nyuma. Asubuhi nikapanda matatu hadi Kitale na simu mkononi kupakia kutoka saiba. Nilipomaliza, mwenye duka alikuwa amepatia mtu mwingine kazi. Simlaumu, mvua haingoji mtu apate mtandao.

Na si mimi pekee. Baraza yetu ilikuwa ofisi ya mtaa. Mtu anatafuta huduma za eCitizen, anakuja. Mwalimu anataka kupeleka alama za wanafunzi, anakuja. Msichana wa jirani alikuwa anajaza maombi ya mkopo wa chuo, zikiwa zimebaki siku mbili, na mama yake akanitazama mimi kana kwamba ni mimi nimezima mtandao. Walitafuta nauli ya Kitale kwa kuuza kuku. Kuku mzima ameenda kwa sababu ya kufuli ambayo iko ndani ya programu na haina hata chuma.

Sasa ngojeni niwapeleke shambani kidogo, mtanielewa haraka.

Hapa Trans Nzoia trekta tunazijua. Ikifika msimu, utaona Massey Ferguson, New Holland, Ford ya zamani iliyokataa kufa. Umewahi kuona mwenye Massey akishindwa kulima kwa sababu plau ilinunuliwa na mwenye New Holland? Hapana. Anarudisha trekta nyuma, anapachika mikono miwili ya chini na mmoja wa juu, anagonga pini, anaenda. Ile mikono mitatu ilitoka kwa Harry Ferguson, mtu wa Ireland, karibu miaka mia iliyopita. Mwanzoni ilikuwa yake na hataza zake. Leo ni kiwango cha dunia, ISO 730, chenye vipimo vya pini na vya upana, na ndiyo maana mzee wa Sitatunga anaweza kuazima haro ya mzee wa Kaplamai bila kuuliza trekta ni ya rangi gani.

Fikiria kama muuzaji wa trekta angeweka kitu ndani, trekta ikitambua plau si yake, injini izime. Watu wangechoma mtu. Lakini kwa rauta tunasema "sawa tu", tunanunua ingine.

Na hapa ndipo inaniuma zaidi, kwa sababu intaneti ya kurushwa hewani hadi nyumbani imefanyiwa kazi ile ile ya mikono mitatu. Watu walikaa miaka kwa vyumba vya mikutano ili maboksi yaelewane.

Soma hii polepole. Mwaka wa 1999 wahandisi wa IEEE, chama kikubwa chenye makao Marekani, walianza kikundi kinaitwa 802.16. Kazi yao ilikuwa moja: jengo ama nyumba ipate intaneti ya kasi bila kuchimbiwa waya. Desemba 2001 kiwango cha kwanza kikapitishwa. Kilikuwa cha masafa ya juu sana, gigahezi 10 hadi 66, na kilitaka antena zionane uso kwa uso. Hapa kwetu na mikaratusi yetu hiyo ingekuwa kichekesho. Wakashuka masafa ya chini, chini ya gigahezi 11, ambako mawimbi yanavumilia vizuizi kidogo.

Huku Ulaya, ETSI, shirika la viwango lililoko Sophia Antipolis kule Ufaransa, lilikuwa na mradi wake wa kazi hiyo hiyo, jina HIPERMAN. Hapo ndipo kawaida vita huanza. Marekani boksi lao, Ulaya boksi lao, na sisi tunaletewa lile lililobaki stoo. Safari hii hawakupigana. Vikundi viwili vilisomeana kazi, vikarekebisha, hadi upande wa redio wa HIPERMAN na sehemu ile ya 802.16 ukawa kitu kimoja. Wakakubaliana hata idadi ya vijimawimbi vinavyogawana data, 256, pande zote mbili. Halafu kampuni zikaunda WiMAX Forum, mwaka wa 2001, ya kupima maboksi kwenye maabara: la kampuni hii linaongea na la kampuni ile? Vyeti vya kwanza vilitoka Januari 2006.

Mimi nikisoma hiyo nilinyamaza kidogo. Watu wa mabara mawili, wenye biashara zinazopingana, walikubaliana mambo madogo madogo ya kuchosha ili mtu asiyewajua anunue boksi lolote liingie mtandao wowote wa aina hiyo.

Ndiyo, najua, WiMAX ilikufa. Modemu ya anko iko hapo kama shahidi. Hata Safaricom iliwahi kuiamini. Mwaka wa 2008 ilinunua asilimia 51 ya OneCom, kampuni ndogo iliyokuwa na WiMAX. Lakini mashirika ya simu yalikuwa na chumba chao kingine, 3GPP, kilichoundwa Desemba 1998, na kutoka huko ikaja LTE. Desemba 2009 ikawashwa Stockholm na Oslo, na dunia ikahamia huko. Marekani, Sprint ilizima WiMAX yake 2016. Simu ya kukhu nayo ilikufa kifo hicho hicho, CDMA ilikuwa familia ingine, na familia ya GSM ikashinda.

Hiyo ndiyo ninasema naweza kusamehe. Ni kama kupanda mbegu ambayo haikufaa udongo. Inauma, lakini hakuna aliyeingia usiku kung'oa.

Na walioshinda walishinda kwa kushirikiana zaidi, si kidogo. 3GPP ni mashirika saba ya viwango yaliyoungana: ETSI ya Ulaya, ATIS ya Marekani, ARIB na TTC za Japani, TTA ya Korea Kusini, CCSA ya Uchina, na TSDSI ya India. Kila rauta ya 4G ama 5G unayouziwa Kitale, Bungoma, Eldoret, popote, imetoka kwa karatasi za chumba hicho. Safaricom ilianza 5G ya biashara Oktoba 2022, Airtel ikafuata Julai 2023, na wote wawili wanasimama juu ya viwango hivyo hivyo. Hawakuvumbua lugha yao. Wameikuta.

Halafu tazama rauta yenyewe. Upande wa nje, unaoongea na busta, ni 3GPP. Upande wa ndani, unaoongea na simu yako, ni Wi-Fi, yaani 802.11 ya wale wale IEEE. Upande wa ndani Tecno inaingia, Samsung inaingia, laptopu ya mwaka wa kale inaingia, hakuna anayeulizwa kabila. Upande wa nje ndipo wanaweka askari mlangoni. Boksi moja, ukuta mmoja wa plastiki, huku uhuru, huku jela.

Kwa hivyo mainjinia wamefanya kazi zaidi ya miaka ishirini maboksi yaelewane, na kampuni inakuja mwishoni kabisa, inaweka mstari mmoja wa programu, yasielewane. Mimi hiyo siwezi kuita biashara. Na ukienda kwenye matangazo yao utasikia "tunaunganisha Wakenya". Mnaunganisha na mnyororo?

Sasa upande wao, maana mama yangu alinifundisha nisihukumu kesi kwa kusikiza mtu mmoja. Wanasema rauta wanaiuza kwa hasara, gharama halisi ni kubwa, kwa hivyo wanakufunga ili warudishe pesa. Sawa. Hiyo naielewa, kabisa. Simu za lipa mdogo mdogo ziko hivyo, usipolipa inajifunga. Lakini ukimaliza kulipa inafunguka! Hiyo ndiyo tofauti. Niambie bei kamili, niambie deni ni miezi mingapi, niandikie kwa risiti tarehe ya kufunguliwa. Risiti yangu haina neno "imefungwa" mahali popote, nimeisoma hadi maandishi ya nyuma yanayosema usiweke karibu na maji.

Wengine wanasema, "Si ununue Starlink?" Wueh. Starlink iliingia Kenya Julai 2023 na imesaidia watu, siwezi kudanganya, kuna mahali kule juu Cherang'any ambako bila hiyo ni kuongea na mbuzi. Lakini fikiria. Setilaiti ni zao, sahani ni yao, bei wanapanga wao. Hiyo sahani siku ukigombana nao, ni ya kuanikia mboga. Mwisho wa 2024 walisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za karibu kwa sababu nafasi imejaa, na aliyekuwa anangoja akangoja. Kukimbia kufuli ndogo ukaingia kwa lango kubwa lisilo na mlango wa nyuma, sijui. Hata hivyo ilichekesha Julai 2024, Safaricom ilipoandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikitaka kampuni za setilaiti zisipewe leseni peke yao, zifanye kazi chini ya kampuni zilizoko. Ghafla kila mtu anapenda ushirikiano.

Na msiniambie Kenya haiwezekani. Aprili 2011 tulipewa haki ya kuhama mtandao na namba yako. Ni kweli wachache waliitumia, lakini sheria ipo na anga haikuanguka. Aprili 2018 Safaricom na Airtel wakaruhusu pesa kutoka M-Pesa hadi Airtel Money moja kwa moja kwa waleti. Kabla ya hapo tuliambiwa ni ngumu, ni usalama, ni mifumo. Siku walipotaka, ilifanyika. Mnakumbuka 2015 wakati wa kuhamia dijitali? Citizen, NTV na KTN zilizimika karibu wiki tatu, nilikuwa mtoto na nilidhani serikali imepinduliwa. Katika fujo yote hiyo Mamlaka ilisimama kwa jambo moja: kisanduku kiwe cha DVB-T2. Yaani wakiamua kusema boksi liwe vipi, wanaweza.

Hao hao Mamlaka ndio wanaidhinisha kila kifaa cha mawasiliano kabla kiuzwe hapa. Kila modeli ya rauta inapita mezani kwao. Wanaangalia mawimbi, wanaangalia usalama. Waongeze swali moja kwa hiyo fomu: kifaa hiki kitafunguka lini? Kanada ilipiga marufuku kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 2017. Uingereza ikafanya hivyo Desemba 2021. Hao walizungumzia simu za mkononi. Sisi simu zetu nyingi ziko huru tayari, laini mbili ndani, unachagua bando ya nani ni rahisi leo. Basi tumalizie kwa rauta, kwa sababu huku mashinani rauta ndiyo waya wetu. Faiba inaishia mjini, na Kachibora ni busta ama hakuna.

Katiba, Kifungu cha 46, inasema mnunuzi ana haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji afaidike nazo. Mimi sikuambiwa. Wewe uliambiwa?

Na kuna kitu kingine kidogo kinanikera. Rudi kwa ile orodha ya mashirika saba. Ulaya, Marekani, Japani mara mbili, Korea, Uchina, India. Afrika hakuna. Bara zima ambalo nyumba nyingi hazitawahi kuona waya, bara ambalo linategemea hewa kuliko wote, halina kiti kati ya hao saba. India iliunda shirika lake na ikaingia. Sisi tunangoja nini? Tuko na KEBS, tuko na vyuo vinatoa mainjinia wanaouza mayai na smoki. Wapelekwe huko wakabishane kuhusu rauta ya mtu mwenye mikaratusi mbele ya nyumba na stima inayopotea kila mvua.

Lakini hiyo ni ya mwaka mwingine. Ya sasa ni hii.

Jumamosi hii kuanzia saa nne niko stendi ya Kachibora na meza, karibu na wanaouza parachichi. Leta rauta yako, ya kampuni yoyote, pamoja na chaja. Niko na laini tatu za mitandao tofauti. Tutaichomeka, tutajaribu kila laini, nitaandika modeli, mwaka ulionunua, bei, na kama uliambiwa imefungwa. Sitaandika jina lako wala namba yako. Hiyo orodha nitaituma kwa Mamlaka ya Mawasiliano na barua ya ukurasa mmoja, na nitaibandika hapa siku hiyo hiyo ili msiniulize niliipeleka wapi. Wa Bungoma na Kitale mnaoweza kufanya hivyo kwenu, niandikieni nitawatumia fomu.

Kukhu amesema atakuja na simu yake. Nimemwambia hiyo haina laini, amesema atakuja nayo tu.